Le Mans: Mashindano Yaliyoamuliwa na Breki

Katika nchi ya Ufaransa, upande wa kusini-magharibi ya Paris, uko mji uitwao Le Mans. Mji wenyewe si mkubwa sana, lakini jina lake lajulikana na kila mtu apendaye motokaa, kwa sababu hapo ndipo yafanyikapo mashindano ya saa 24, yaliyoanzishwa mwaka wa 1923. Katika miaka tunayotaka kuisimulia leo, motokaa zilianza mbio Jumamosi saa kumi za jioni, zikakimbia usiku kucha kwa mwanga wa taa zake, zisipumzike ila kutia mafuta na kubadili tairi, mpaka Jumapili saa kumi tena. Madereva wawili walipokezana usukani wa kila gari, na mshindi alikuwa yule ambaye gari lake lilikwenda maili nyingi kupita mengine yote.

Hata namna ya kuanza ilikuwa ni kioja. Motokaa zilipangwa upande mmoja wa barabara, na madereva wakasimama upande wa pili. Bendera ilipoangushwa walivuka mbio kwa miguu, wakarukia ndani ya magari yao, kila mtu akawasha injini na kuondoka kama awezavyo. Watazamaji walikuja kwa maelfu. Waingereza walivuka bahari kwa meli pamoja na motokaa zao ndogo zisizo na paa, za MG na Triumph, wakapiga mahema mashambani, na usiku wakatembea kwenye bembea na vibanda vya vyakula huku injini zikinguruma karibu nao.

Msomaji asidhani kwamba mbio hizi zilikimbiwa katika uwanja kama ule wa farasi. Sehemu kubwa ya njia ile ilikuwa barabara ya kila siku, ambayo juma lililotangulia walipita wakulima na malori. Mzunguko mmoja ulikuwa maili 8 na zaidi kidogo, na ndani yake mna barabara moja iliyonyoka kama uzi kwa maili tatu na nusu hivi, iendayo kwenye kijiji cha Mulsanne. Hapo ndipo motokaa zilipotoa nguvu zake zote. Mwaka wa 1953 zenye mbio zaidi zilipita maili 150 kwa saa, yaani kilomita 240. Kisha, mwishoni mwa barabara hiyo, yaja kona kali ya kuume, ambayo hapana gari liwezalo kuikata ila kwa mwendo mdogo sana. Kila mzunguko, mchana na usiku, dereva alilazimika kuipunguza kasi ile yote katika umbali wa mita mia chache. Na mzunguko mmoja ulichukua muda usiotimia dakika tano. Piga hesabu mwenyewe uone ni mara ngapi katika saa 24 alikanyaga breki pale.

Kwa hiyo mafundi walianza kuelewa jambo ambalo wapenda motokaa wengi hawalifikiri. Injini yenye nguvu humfikisha mtu konani upesi. Lakini anayeweza kungoja muda zaidi kabla ya kukanyaga breki ndiye anayempita mwenziwe.

Breki za zamani zilikuwa za dramu. Ndani ya gurudumu mna dramu ya chuma, mfano wa sufuria, na ndani ya sufuria hiyo mna vipande viwili vya chuma vilivyopinda kama mwezi mchanga, vimevikwa lainingi. Dereva akikanyaga breki, vipande vile hutanuka na kusugua sufuria kwa ndani. Kusuguana huku huleta joto jingi, na joto hilo limefungiwa ndani, halina pa kutokea upesi. Sufuria ikipata moto hutanuka, ikajitenga na lainingi. Na lainingi nayo ikiungua huteleza badala ya kushika. Msomaji aliyepata kushuka mteremko wa Bonde la Ufa katika lori lenye shehena, kutoka Limuru kwenda Naivasha, huenda anaijua harufu ile, na anajua hofu ya dereva anapoona mguu wake unazama mpaka chini na gari haliitikii.

Dawa yake haikuwa ngeni kabisa. Mwingereza Frederick Lanchester aliandikisha breki ya namna nyingine tangu mwaka wa 1902. Badala ya sufuria, aliweka sahani ya chuma izungukayo pamoja na gurudumu, na kitu cha kuibana sahani hiyo kwa pande zote mbili, kama mtu abanavyo kitabu kwa kidole gumba na vidole vingine. Sahani iko wazi, hupigwa na upepo ikapoa. Na hata ikipata moto ikatanuka, yatanuka kuielekea lainingi, wala haiikimbii. Lakini vifaa vya wakati ule havikufaa. Breki za Lanchester zilipiga kelele mno na kulika upesi, zikaachwa. Zilipata nguvu upya katika ndege, ambazo hutua zikiwa nzito na kwa mwendo wa kasi, nazo ni lazima zisimame kabla ya njia kwisha. Kiwanda cha Dunlop, kinachojulikana sana kwa tairi zake, kilikuwa kikitengeneza breki za diski za ndege, na mwanzoni mwa miaka ya 1950 kikashirikiana na kiwanda cha Jaguar cha mji wa Coventry ili kuzitia katika motokaa.

Jaguar wakati ule ilikuwa kampuni changa katika mambo ya mashindano. Mwenyewe, Bwana William Lyons, alianza kazi mwaka wa 1922 katika mji wa Blackpool kwa kutengeneza vigari vya pembeni vya pikipiki. Mwaka wa 1948 alitoa motokaa nzuri iitwayo XK120, na hesabu hiyo ya 120 ndiyo maili iliyosemekana kuweza kwenda kwa saa moja. Kutokana nayo ilitengenezwa motokaa ya mashindano, aina ya C, ambayo ilishinda Le Mans mara yake ya kwanza, mwaka wa 1951, ingali na breki za dramu.

Kazi ya kuzijaribu breki mpya walipewa dereva kijana Stirling Moss na Norman Dewis, mjaribu motokaa wa kiwanda. Haikuwa kazi nyepesi. Kuna siku mafuta ya breki yalichemka ndani ya mirija kwa ajili ya joto, na mafuta yakichemka hutoa mapovu, breki zikawa laini kama mtu aliyekanyaga mto wa pamba. Mwezi wa Mei 1952 mabwana hawa wawili walikwenda nazo Italia katika mashindano ya Mille Miglia, yaani maili elfu, lakini hawakufika mwisho. Mwezi uliofuata, mjini Reims, Moss alishinda. Na huo ndio ushindi wa kwanza wa motokaa yenye breki za diski.

Tena mwaka huo huo Jaguar ilipata aibu yake. Kwa kuogopa mbio za Mercedes za Ujerumani, mafundi walizibadili bodi za motokaa za Le Mans ziwe na pua ndefu ya kupasua upepo, pasipo kuzijaribu vya kutosha. Injini zikachemka, na magari yote matatu yakaacha mbio. Mercedes ikashinda.

Mwaka wa 1953 pua zile zilitupwa, na magari yote ya kiwanda yakaja na breki za diski. Waliokuwa na hofu ni Waitaliani, maana Ferrari ya Alberto Ascari ilikuwa na injini ya lita 4.5, na ya Jaguar ilikuwa lita 3.4 tu. Ferrari iliweza kukimbia. Lakini kila ilipofika Mulsanne ilianza kupunguza mwendo mapema, na Jaguar ikapita bado ikienda. Kadiri saa zilivyosonga breki za dramu zilichoka, na zile za diski zikawa kama zilivyoanza. Ferrari ya Ascari haikumaliza. Washindi walikuwa Duncan Hamilton na Meja Tony Rolt, ambaye wakati wa Vita Kuu ya Pili alifungwa na Wajerumani katika ngome ya Colditz, na huko ndani alikuwa miongoni mwa mateka waliojenga kwa siri ndege isiyo na injini ili watoroke. Wastani wa mwendo wao kwa saa zote 24 ulipita maili 105 kwa saa. Kabla ya siku hiyo hapana aliyepata kufikisha 100. Jaguar nyingine zilikuwa ya pili na ya nne.

Kama hadithi ingalikoma hapo, ingalikuwa hadithi ya furaha. Lakini kuna mwaka wa 1955.

Katika 1923 mshindi wa kwanza wa Le Mans alikwenda kwa wastani wa maili 57 kwa saa. Miaka 30 baadaye mwendo ulikaribia kuwa maradufu, lakini barabara iliyopita mbele ya majukwaa ilikuwa nyembamba vilevile. Upande mmoja vilikuwako vibanda vya mafundi, na hapakuwa na ukuta wa kuvitenga na njia. Gari lililotaka mafuta liliacha njia likasimama tu kando. Upande wa pili walisimama watazamaji, wamesongamana nyuma ya tuta la udongo. Nadhani yeyote anayeiangalia leo picha ya mahali pale atashangaa kwamba msiba haukutokea mapema.

Jaguar ilikuja na motokaa mpya ya aina ya D, iliyochorwa na Malcolm Sayer, fundi aliyetoka katika kazi ya ndege. Iliweza kupita maili 170 kwa saa, na breki zake zilikuwa za diski. Mercedes ilileta gari lake, 300 SLR, ambalo Moss alikuwa ameshinda nalo Mille Miglia wiki sita nyuma kwa muda wa saa 10, dakika 7 na sekunde 48. Bodi lake lilikuwa la madini mepesi sana yenye magnesiamu. Breki zake zilikuwa bado za dramu. Wajerumani walijua vizuri upungufu huo, kwa hiyo nyuma ya kiti cha dereva waliweka bati pana lililoinuka juu dereva alipovuta mkono, ili upepo wenyewe ulizuie gari. Ni werevu, wala hapana awezaye kuudharau. Lakini bati lile lilisaidia kwenye kona zilizojulikana. Kwa jambo la ghafula halikuwa na faida kubwa.

Mmoja wa madereva wa Mercedes alikuwa Mfaransa mwenye umri wa miaka 49, aliyejulikana kwa jina la Pierre Levegh. Watu wa Le Mans walimpenda kwa sababu ya jambo alilolifanya mwaka wa 1952. Katika mashindano yale aliendesha Talbot yake peke yake kwa karibu saa 23, akikataa kumpa mwenziwe usukani, naye alikuwa akiongoza mbele ya Mercedes zote; hata injini ikavunjika ushindi ukiwa karibu kuingia mkononi mwake. Mzee Alfred Neubauer, mkuu wa kikosi cha Mercedes, hakuusahau ushujaa huo, akampa nafasi mwaka wa 1955. Mwenziwe wa kupokezana naye alikuwa Mmarekani, John Fitch.

Siku ile, tarehe 11 Juni, Mike Hawthorn wa Jaguar na Juan Manuel Fangio wa Mercedes walishindana tangu mwanzo kana kwamba mbio zilikuwa za saa mbili, si za 24. Saa kumi na mbili na nusu za jioni ilikuwa karibu kufika. Hawthorn aliitwa aingie kutia mafuta. Akampita Lance Macklin, aliyekuwa katika Austin-Healey, gari dogo la mbio pungufu. Kisha akakanyaga breki ili asimame kwenye kibanda chake, na Jaguar ikapungua mwendo upesi. Macklin naye alikuwa na breki za diski, lakini aliona gari la mbele linamjia, akakwepa kushoto, kuelekea katikati ya njia. Nyuma yake alikuwa akija Levegh kwa mwendo wa maili 150 kwa saa, na nyuma ya Levegh, Fangio. Fangio alisema baadaye kwamba Levegh aliinua mkono, kama kumwonya. Kisha Mercedes ikaigonga Austin-Healey kwa nyuma, ikapanda juu ya mgongo wake ulioinama, ikaruka hewani na kupiga tuta. Injini, ekseli ya mbele na boneti vilikatika vikapita katikati ya watu. Kilichobaki juu ya tuta kiliwaka moto mweupe, kwa maana magnesiamu ikishika moto ni vigumu kuizima, na maji huuzidisha.

Levegh alikufa papo hapo, na watazamaji zaidi ya 80 walikufa. Waliojeruhiwa walipita 100. Macklin alitoka mzima. Fangio alipita katika moshi bila kuguswa. John Fitch alikuwa kwenye kibanda akingoja zamu yake, pamoja na mke wa Levegh.

Mbio hazikusimamishwa. Wakubwa wa mashindano walisema kwamba umati wote ukitoka kwa mara moja utaziba barabara, na magari ya wagonjwa hayatapita. Watu wamebishana juu ya neno hilo kwa miaka mingi. Kwangu mimi naona lilikuwa na busara, ingawa ni baridi. Baada ya usiku wa manane simu ilikuja kutoka Stuttgart, na Mercedes iliyokuwa ikiongoza, ya Fangio na Moss, iliitwa ndani pamoja na nyingine, zikapakiwa na kuondoka. Jaguar ikaendelea. Hawthorn na Ivor Bueb wakashinda, na Hawthorn akapigwa picha akicheka na kunywa mvinyo wa ushindi, picha ambayo magazeti ya Ufaransa hayakumsamehe. Bwana Lyons hakuwa na furaha yoyote ya kuifanya. John, mwanawe wa pekee wa kiume, alikuwa amekufa katika ajali ya motokaa barabarani Ufaransa, akiwa njiani kwenda Le Mans.

Ni nani aliyekosa? Uchunguzi wa serikali ya Ufaransa haukumtia dereva yeyote hatiani. Ubaya mkubwa ulionekana kuwa ni wa mahali penyewe. Hawthorn aliandika kitabu mwaka wa 1958 akijitoa katika lawama. Macklin akaona ameandikwa vibaya, akafungua kesi, lakini haikupata hukumu. Wako wanaosema kwamba breki za diski ndizo zilizoleta msiba, kwa kuwa gari la mbele lilisimama upesi kuliko alivyotazamia yule wa nyuma. Neno hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Katika mwendo ule Levegh alikuwa na nafasi ya kupepesa jicho tu, na huenda hata diski zisingalimwokoa. Hata hivyo ni kweli kwamba njia moja ilichanganya magari yenye mbio na yasiyo na mbio, yanayosimama upesi na yasiyosimama, na kila dereva alipima umbali kwa breki zake mwenyewe, si kwa za yule aliyemtangulia.

Mambo mengi yalifuata. Uswisi ilipiga marufuku mbio za motokaa za kuzunguka uwanjani, na mbio za namna hiyo hazikuonekana tena nchini humo mpaka mwaka wa 2018, motokaa za umeme ziliposhindana mjini Zürich. Mercedes ilimaliza mwaka wa 1955 ikiwa bingwa, kisha ikaacha mashindano kwa miaka mingi. Le Mans yenyewe, majukwaa na vibanda vilivunjwa na kujengwa upya, na njia ikapanuliwa pale. Italia ilingoja msiba wake: mwaka wa 1957 tairi la Ferrari ya Alfonso de Portago lilipasuka karibu na kijiji cha Guidizzolo, akafa yeye na mwenziwe na watazamaji tisa, watano kati yao watoto, na huo ukawa mwisho wa Mille Miglia kama mbio za kweli.

Breki za diski zenyewe ziliingia barabarani upesi. Mwezi wa Oktoba 1955, miezi minne tu baada ya msiba, Citroën ilionyesha mjini Paris motokaa yake ya DS yenye diski katika magurudumu ya mbele, nayo ilikuwa gari la watu wa kawaida wenye watoto na mizigo. Triumph TR3 ikafuata mwaka wa 1956, na mwaka wa 1957 Jaguar XK150 ikazitia katika magurudumu yote manne. Ferrari ilichelewa mpaka miaka ya 1950 ilipokuwa ikielekea kwisha. Leo hata pikipiki ya kubeba abiria mara nyingi huwa nayo sahani ile katika gurudumu la mbele. Mtu akiinama aweza kuiona.

Hawthorn alipata kuwa bingwa wa dunia mwaka wa 1958, Mwingereza wa kwanza kuupata ubingwa huo, kisha akaaga mbio. Tarehe 22 Januari 1959, siku ya mvua, alikuwa akiendesha Jaguar yake katika barabara ya kupita kando ya mji wa Guildford. Akaikuta Mercedes ya mtu aliyemfahamu, wakafukuzana. Akaipita, gari likateleza, likapiga mti. Alikuwa na umri wa miaka 29.

John Fitch aliishi mpaka mwaka wa 2012, akiwa na miaka 95. Aliporudi kwao Marekani alianza kufikiri namna ya kulisimamisha gari ambalo dereva wake ameshindwa kulisimamisha. Alichukua mapipa ya plastiki, akayajaza mchanga, ya mbele mchanga kidogo na ya nyuma zaidi, akayapanga mbele ya nguzo za madaraja na mahali barabara kuu zinapogawanyika. Gari likiyagonga, mapipa hupasuka moja baada ya jingine, na mchanga huchukua kasi ile kidogo kidogo mpaka gari likasimama. Alipoyajaribu, aliyaendea kwa motokaa yeye mwenyewe.